Beki wa Kulia Kutoka Kimwani

Jumatatu hiyo Renatha alikuwa anashona kola za majoho ya kwaya, simu yake ikiwa imeegemea makopo ya nyuzi mbele ya cherehani. Kila alipomaliza kola moja alikata uzi kwa meno, akasogeza ukurasa mmoja wa soko la wachezaji katika mchezo wa simu, akachukua kola nyingine. Alikuwa anatafuta beki wa kulia. Aliyekuwa naye alichanika msuli wa paja kwenye mechi ya Jumamosi, na klabu yake, Ijuganyondo Rangers, ilikuwa na hali nzuri kiasi cha kuweza kusajili bila kukopa. Mishahara ilikuwa inalipika. Uwanja ulikuwa umeongezwa viti. Mashabiki, ambao walikuwa tarakimu tu kwenye kona ya kioo, walizidi kila wiki.

Kati ya beki mmoja wa Ureno na mwingine wa Kongo alimkuta mdogo wake.

Joackim Rwegasira, miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Kimwani, Muleba. Kasi nzuri, krosi za wastani, nidhamu ya juu. Kwenye sehemu ya majeraha paliandikwa: kichwa, mbavu za kushoto, vidole vya mkono wa kulia, anaweza kucheza. Kwenye picha alikuwa amevaa sweta la kijani, lile alilokuwa nalo siku alipouawa, na bega la sweta lilikuwa bado limechanika.

Renatha alimalizia kola iliyokuwa chini ya sindano, kwa sababu kola ikiachwa katikati hupinda. Kisha akavuka barabara hadi kwa Lukmani.

Lukmani alikuwa kinyozi, mtu wa mjini Bukoba ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa hapa. Yeye ndiye aliyemfundisha Renatha mchezo ule, na klabu yake, Kitendaguro United, ilikuwa ligi moja na Rangers. Alikuwa anamkwangua mteja ndevu.

"Kaka Lukmani, mdogo wangu yuko sokoni."

"Bei ya moja kwa moja au mnada?"

"Mnada. Unafungwa keshokutwa."

Lukmani alifuta wembe kwenye taulo. "Mshahara wake umeuangalia?"

"Bado."

"Uangalie kwanza. Watu wananunua kwa uchungu, halafu wanashindwa kulipa. Mimi nilipomchukua Riyadhi niliuza kiungo wangu wa maana kabisa, timu ikashuka daraja. Sijuti. Ila nakwambia ujue."

Riyadhi alikuwa mwanawe, aliyegongwa na lori akafa kwenye barabara ya Muleba. Sasa alikuwa golikipa wa Kitendaguro United. Renatha alimfahamu vizuri. Msimu uliopita alikuwa amemfunga mabao mawili.

Habari za Joackim zilijulikana na kila mtu. Mzee Rwegasira alipofariki alimwachia kijana huyo kibanja, lile shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba yao Kimwani. Protase, mdogo wa marehemu, alisema kibanja ni cha ukoo na kijana atakiuza. Ukoo ukakaa, ukamsikiliza, ukampa Joackim. Wiki chache baadaye, mchana wa jua, Protase alisimama njiani akapiga enduru, yowe la kuita watu, akisema Joackim kamwibia mbuzi. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya jiko la Protase, na alilia mara kadhaa watu walipokuwa wanapita hapo kwenda kumtafuta mwizi.

Walitoka mashambani na kile kila mmoja alichokuwa ameshika. Avit, aliyekuwa kibarua wa Protase, ndiye aliyepiga wa kwanza, kwa mpini wa jembe. Mpini uliangukia vidole kwa sababu Joackim alikuwa ameziba kichwa kwa mikono. Mwijage, dereva wa pikapu ya Protase, alimpiga jiwe alipoondoa mikono. Baada ya hapo walipiga wengi, wengine bila kujua anapigwa nani. Polisi walipokuja waliandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na kwa kuwa hasira haikuwa na jina wala makazi, hakukamatwa mtu. Protase akahamia kwenye nyumba ya kaka yake. Ma Immakulata, mama yao, alitolewa nje na godoro na sufuria zake, akaja kuishi na Renatha katika nyumba ya kupanga Ijuganyondo.

Renatha alinunua kwa shida. Alimuuza mshambuliaji wake bora kwa meneja asiyemjua. Lukmani alimnunua golikipa wa akiba wa Rangers kwa bei kubwa ya kuchekesha, na mfumo ukawatoza wote wawili faini kwa kupanga bei. Lukmani akasema faini zote mbili ni zake, atalipa yeye. Mtu mwingine, meneja mwenye jina la tarakimu tupu, aliendelea kupandisha dau hadi jioni ya mnada. Kisha akaacha. Labda alipata beki mwingine.

Ujumbe wa kwanza wa mchezaji uliingia kabla Renatha hajafunga duka. *Nimefurahi kujiunga na klabu. Dada, kichwa bado kinauma lakini nitajitahidi.*

Nyumbani alimweleza mama yake. Ma Immakulata alikuwa anamenya ndizi za jioni, mikono yote imejaa utomvu.

"Wamempa jezi namba ngapi?"

"Mbili, Mama. Nimempa mimi."

"Alipenda saba."

"Saba ina mwenyewe."

Ma Immakulata aliendelea kumenya. "Basi hiyo mbili iwe inafuliwa," alisema.

Msimu ule ligi ilikuwa imepokea klabu mpya, mojawapo Kimwani Kahawa. Meneja wake alikuwa Protase. Picha yake ilipigwa kwenye baraza ya nyumba ya Mzee Rwegasira, amevaa kofia ya pama, simu mpya mkononi. Wachezaji wake hawakutoka Ureno. Walikuwa watu waliokuwa wanakula kwake: vibarua wa kahawa, mchunga ng'ombe, fundi wa matofali. Avit alikuwa winga wa kushoto. Mwijage alikuwa kiungo.

Mechi zilichezwa Jumamosi saa kumi alasiri. Hazikuwa na picha, ila maandishi yaliyotoka mstari kwa mstari, na Renatha alimsomea mama yake kwa sauti.

"Joackim Rwegasira anamkabili Avit. Anaingia kwa miguu miwili. Avit yuko chini. Refa anasema mpira uendelee."

Wakati huo huo, Kimwani, Avit alikuwa juu ya ngazi akipaka rangi duka jipya la Protase. Mfupa wa goko ulikatika ukatokeza kwenye suruali. Hakuanguka papo hapo. Alirudisha kwanza brashi kwenye kopo. Waliokuwa chini walimuuliza kuna nini, akasema, "Joackim," nao wakashika ngazi ili ashuke. Kwenye zahanati mganga aliuliza kama kadi ilitolewa.

"Hata ya njano," Avit alisema, akiwa ameuma shuka.

"Marefa wa siku hizi," alisema mganga, akaanza kuvuta mguu ili mfupa urudi ndani.

Habari zilifika Bukoba kwa simu kabla mechi haijaisha. Ma Immakulata aliomba asomewe tena ule mstari. Renatha alimsomea, kisha akausoma mwenyewe kimya, na usiku huo akala sahani nzima ya ndizi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. Kesho yake, akiwa ametoka misa, alifungua ukurasa wa mbinu. Kulikuwa na mstari wa kupandisha na kushusha ukali wa timu. Akausukuma hadi mwisho.

Tangu hapo Joackim hakucheza, alichinja. Alimvunja pua mshambuliaji wa timu ya Karagwe. Alimkanyaga tumboni kijana mmoja wa Ngara, na kijana akatema damu mpaka mapumziko. Nidhamu yake, iliyokuwa ya juu, ilishuka kila wiki, na ujumbe wake ukawa mfupi. *Dada, nimefanya ulivyosema.* Renatha alimjibu kwa kubonyeza alama ya pongezi. Mchezo haukuwa na jibu lingine.

Kisha wakakutana na Kitendaguro United. Kona ilipigwa, Riyadhi akaruka kuudaka mpira, na Joackim akaruka naye akiwa ametanguliza goti. Maandishi yalisema golikipa amegongwa kichwani na hajitambui.

Lukmani alivuka barabara Jumatatu asubuhi. Alikuwa bado na kitambaa cha kunyolea begani. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama majoho yaliyokuwa yananing'inia ukutani.

"Punguza ukali, Renatha."

"Amesikitika, kaka. Joackim mwenyewe ameniandikia."

"Aandike tu. Mimi nimemwona Riyadhi. Lori lilimpiga mwanangu upande wa kulia, na goti la mdogo wako limempiga upande wa kushoto. Sasa kichwa hakina upande mzima." Alivua kitambaa akakikunja. "Riyadhi hakumfanyia ndugu yako lolote. Hata Kimwani hakufika."

"Jumamosi tunarudiana na Protase," Renatha alisema. "Nikipunguza sasa, Mwijage atapona."

"Mwijage."

"Ndiye wa jiwe."

Lukmani alisubiri kidogo, kama mtu anayengoja chenji. Renatha alikanyaga cherehani. Alipoinua macho kiti kilikuwa kitupu, na tangu siku hiyo Lukmani alipokuwa na vazi la kushonwa alilipeleka sokoni.

Jumamosi Mwijage alikuwa anateremsha pikapu iliyojaa mikungu kuelekea barabara kuu. Kiwiko cha Joackim kilimpata mdomoni, na cha pili jichoni. Meno ya mbele yalidondoka kwenye usukani. Jicho lilimwagika shavuni kama yai, na pikapu ikaingia mtaroni taratibu, mikungu yote ikabaki salama. Safari hii refa alitoa kadi nyekundu. Renatha alipiga kelele ya furaha hadi jirani akaja kuuliza matokeo.

Alipotulia alifungua kikosi cha Kimwani Kahawa ili ajue aliyebaki. Alipitia majina yote, wa kuanza na wa akiba. Protase hakuwemo. Alikuwa juu kabisa ya ukurasa, pembeni ya nembo, na kofia yake. Hapakuwa na nafasi anayocheza, kasi, wala sehemu ya majeraha. Renatha alibonyeza picha yake mara nyingi, na kila alipobonyeza, picha ilikua tu.

Kisha zikaja bili. Kadi nyekundu ilikuwa na faini. Kamati ya ligi iliongeza faini ya mchezo mbaya, na fidia ya matibabu ya jicho, ya goko, ya pua na ya kichwa cha Riyadhi. Mashabiki wenye watoto waliacha kuja uwanjani, viti vipya vikakaa bure, na mapato ya viingilio hayakutosha mishahara. Salio likawa jekundu. Mfumo ulimpa Renatha wiki moja ya kulisawazisha, na ukamweleza kwamba akishindwa, utauza mchezaji wake mwenye thamani kubwa kuliko wote. Kwa sababu ya umaarufu, huyo sasa alikuwa Joackim.

Alishona hadi vidole vikavimba, akanunua sarafu za mchezo kwa simu, lakini deni lilikuwa refu kuliko majoho yote ya jimbo. Mwisho alivuka barabara.

"Mnunue wewe, kaka Lukmani. Umweke tu. Usimchezeshe."

Lukmani alikuwa ananoa mkasi. Hakuwa na mteja. "Wachezaji wangu wanalala nyumba moja," alisema. "Siwezi kumlaza mdogo wako chumba kimoja na Riyadhi. Mtoto akiamka akamwona pale, nitamwambia nini?"

"Protase atamchukua."

"Atamchukua," Lukmani alikubali, akarudi kwenye mkasi.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Pale Kimwani miti ya nyuma ya nyumba, aliyoipanda Mzee Rwegasira na kupogolewa na Joackim mwaka wake wa mwisho, ilizaa kuliko miti yote ya jirani, matawi yakainama mpaka chini. Protase alivuna, akaanika, akauza, akageuza fedha kuwa sarafu. Mnada ulipofunguliwa aliweka dau moja kubwa, na hakuna aliyejaribu kulipita.

*Dada, asante kwa yote. Nimekubali masharti ya klabu mpya.*

Renatha alifika Kimwani Alhamisi saa za mchana. Protase alikuwa barazani na mwenyekiti wa kitongoji, wanakunywa rubisi, pombe ya ndizi. Alinyanyuka kumpokea, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu.

"Karibu, mwanangu. Mama hajambo? Kaa hapo penye kivuli."

"Nimekuja kumchukua Joackim, baba mdogo."

"Usajili umefungwa mpaka mwisho wa msimu. Wewe ni meneja, unajua hilo kuliko mimi."

"Ulimuua. Sasa umemnunua."

"Waliomuua ni wananchi," alisema Protase, bila kuinua sauti. "Kununua nimenunua. Kila kitu kiko kwenye simu."

"La mpira halina ubishi," alisema mwenyekiti. "Lile lingine lilishaandikwa."

Protase alichukua simu yake, akavaa miwani, akagusa mahali palipoandikwa mazoezi. Mara sauti ikaanza nyuma ya nyumba, sauti kama ya mtu anayepiga maharage makavu ili yatoke kwenye maganda. Renatha alizunguka nyumba.

Joackim alikuwa anakimbia katikati ya migomba na mibuni. Alivaa jezi ya Kimwani Kahawa juu ya sweta la kijani. Avit, mguu ukiwa kwenye plasta, alikuwa amekalishwa kwenye kigoda upande mmoja, na Mwijage, mwenye jicho moja, alisimama upande wa pili. Kila Joackim alipopita, Avit alimpiga mbavuni kwa fimbo, kisha Mwijage akampiga mgongoni. Mbavu zilikuwa zinaingia na kutoka chini ya jezi. Wote watatu walikuwa wamechoka. Kwenye ratiba zoezi hilo liliitwa kujenga ustahimilivu.

"Joackim!"

Alipita karibu yake kiasi kwamba alisikia harufu ya udongo mbichi. "Dada," alisema, akiwa bado anakimbia, "mkataba hauniruhusu kuongea na meneja wa zamani wakati wa mazoezi. Samahani." Akaenda, akapigwa, akazunguka.

Ukutani ulikuwa umeegemezwa mundu wa kukatia majani ya migomba, wenye mpini mrefu. Renatha aliuchukua, akarudi barazani, akamkata Protase. Alikusudia shingo. Protase aligeuka kuangalia simu, na mundu ukachukua sikio lote la kulia na kipande cha shavu. Sikio liliangukia kwenye bilauri ya mwenyekiti. Damu ilimwagika kwenye kioo cha simu, na Protase akafuta kwanza kioo, akahakikisha mazoezi yamehifadhiwa, halafu akasimama njiani akapiga enduru.

Watu wakatoka mashambani. Walimpiga Renatha kwa mipini, kwa mateke, kwa mzizi wa mgomba. Mwanamke mmoja aliyesoma naye darasa la tano alimvunja mtulinga kwa mchi, kisha akamwita jina lake la utotoni na kumuuliza kama ni yeye. Ni mimi, Renatha alisema. Mwanamke akasogea pembeni ili wengine wapate nafasi. Nyuma ya nyumba mazoezi yaliendelea kwa mwendo ule ule.

"Waitu, ndugu zangu, inatosha," Protase alisema baadaye, akiwa amejishikilia shati kichwani. "Jumamosi tunacheza nao mzunguko wa tatu."

Wakaacha. Mwijage akanawa mikono, akampeleka Renatha Muleba kwa pikapu, amelazwa juu ya magunia matupu. Aliendesha kwa uangalifu kwa kuwa upande wa kushoto hakuwa anauona. Polisi waliandika ugomvi wa kifamilia. Kamati ya ligi nayo iliandika: meneja wa Ijuganyondo Rangers amefungiwa kukaa benchi, na klabu itozwe faini kwa sikio.

Kwa faini hiyo mfumo, ambao haufungwi na tarehe za usajili, uliuza wachezaji wengine watatu, usiku mmoja. Ijumaa Renatha, mkono ukiwa umefungwa shingoni, alikuta kikosi chake hakifiki kumi na moja. Klabu ikipungukiwa, mfumo hujaza nafasi kwa walio karibu na meneja. Winga wa kushoto alikuwa Ma Immakulata Rwegasira, miaka sitini na minane. Kasi ya chini, pumzi za chini, moyo wa kujituma wa juu sana.

"Mama, wamekupanga."

"Upande gani?"

"Wa kushoto. Utakuwa unakabana na beki wao wa kulia."

Ma Immakulata alihesabu pande kwa mikono yake, huyu huku, yule kule. Alipomaliza aliinuka akaenda kupika mapema.

Jumamosi saa kumi alikaa kwenye kiti cha ukumbini, viatu vimefungwa kamba. Filimbi ilipolia kwenye simu, macho yake yaliacha kuuangalia ukuta na kuanza kuangalia mbali.

"Nyasi ni fupi," alisema. Kisha akasema, "Kweli amevaa sweta."

Renatha alisoma. Ma Immakulata anapokea mpira. Joackim Rwegasira anamfuata. Ukali wa Kimwani Kahawa uko juu kabisa. Renatha aliujua mstari ule kwa kuwa aliwahi kuusukuma yeye mwenyewe. Aliacha kusoma akamshika mama yake mabega, kama vile kiti kingeweza kusogezwa kutoka njiani. Mkono wa kulia wa Ma Immakulata ulivunjika juu ya kiwiko, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni, ukaning'inia vibaya. Baadaye kidogo ubavu mmoja nao ukalia. Mdomo wake ulijaa damu, akaimeza.

Mpaka mwisho wa mechi alianguka mara nyingi bila kutoka kitini.

Hospitali walimfunga plasta, wakamuuliza matokeo. Walikuwa wamefungwa manne bila. Njiani kurudi hakulalamika. Walipofika, Renatha alifungua simu kwa mkono wake mzima, akatafuta chini kabisa ya ukurasa wa klabu, mahali palipoandikwa kujiondoa kwenye ligi.

"Unafanya nini?"

"Nafunga klabu, Mama. Yaishe."

"Ukiifunga, mimi nitamwona wapi?"

"Anakuvunja."

"Ananivunja, ndiyo." Ma Immakulata alijiegemeza kwenye mto polepole, akitafuta upande usiouma. "Lakini anakuja mpaka hapa." Alionyesha hewa iliyo mbele ya uso wake, nyembamba kama kitambaa. "Nimemsikia anavyohema. Akinipiga ananiinua, refa akiwa haangalii. Mara ya mwisho aliniambia nisiweke uzito mguu wa kushoto."

Renatha alibaki ameshika simu mpaka kioo kikazima chenyewe.

Kibanja hakikurudi. Protase alikichimbia mtaro mpya, akapanda vanila kwenye ukingo wa chini, akanunua kofia pana zaidi iliyofunika upande usio na sikio. Kanisani alikaa benchi ya mbele. Avit alianza kutembea, Mwijage akapata jicho la kioo lililotofautiana kidogo rangi, na wote wawili waliendelea kula kwake. Jalada la wananchi wenye hasira kali lilikaa lilipokuwa. Kimwani Kahawa ilimaliza msimu ikiongoza ligi, na beki wake wa kulia akachaguliwa mchezaji bora, akapewa nyongeza ya mshahara ambao hakuna aliyejua anautumia wapi.

Ratiba ya msimu mpya ilipotoka, Kimwani Kahawa walikuwa wa kwanza. Renatha alipanga kikosi Ijumaa kwa kutumia vidole viwili, maana mtulinga ulikuwa umeunga vibaya. Kwa winga wa kushoto hakuuliza.

Jumamosi Ma Immakulata aliomba kusaidiwa kuvaa gauni la kanisani. Plasta haikupita kwenye mkono wa gauni, Renatha akaufumua mshono, akaufunga kwa pini. Akamchana nywele, akamfunga kamba za viatu, akamsogezea kiti mahali penye hewa. Filimbi ikalia. Mapema kabisa, kabla jasho halijamtoka mtu, Joackim alipandisha mpira upande wao, na mama yake akasogea kumpokea.